Patroli: watoto sita, sufuria moja na kamba

Wazazi wanaoleta watoto kwenye kikosi chetu cha skauti hapa Nairobi huja na ombi lilelile: mtoto ajifunze kuishi na kufanya kazi na wenzake. Wengi hudhani tutamkalisha na kumweleza faida za umoja. Sisi tunamtia kwenye patroli, tunampa kazi ambayo isipofanyika wenzake watalala njaa au watalala wamelowa, kisha sisi wakubwa tunakaa kando. Naandika haya kwa sababu vikosi vingi vya shule vimebakiza gwaride na skafu, na patroli imegeuka jina tu kwenye daftari. Hilo linanisikitisha, maana kazi yote ya kulea iko humo.

Patroli ni kikundi cha watoto sita hadi wanane, chenye jina lake, bendera yake ndogo, kiongozi na msaidizi wake, na hao wote ni watoto. Patroli tatu au nne ndizo zinazofanya kikosi. Mpango huu ni wa tangu mwanzo. Agosti 1907, Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipopiga kambi na wavulana wapatao 20 kwenye kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, aliwagawa katika patroli nne. Baadhi walitoka shule za matajiri, wengine walikuwa vijana wa familia za wafanyakazi kutoka Poole na Bournemouth, miji iliyo jirani na kisiwa hicho. Katika Uingereza ya wakati ule, watoto hao kwa kawaida wasingekula pamoja.

Idadi hiyo ina sababu. Wakiwa wanne, mmoja akiugua tumbo kazi inawalemea waliobaki. Wakiwa kumi na wawili, kuna watatu watakaojificha nyuma ya wenzao na hakuna atakayegundua. Wakiwa sita au saba, asiyechota maji anajulikana kabla jua halijazama.

Tukifika kambini, mara nyingi kambi ya skauti ya Rowallan kwa kuwa iko hapahapa mjini na ina msitu, kila patroli inapewa eneo lake na sufuria yake. Kiongozi wa patroli anagawa kazi: wa maji, wa kuni, wapishi wawili, mtunza vifaa, wa sanduku la huduma ya kwanza. Kesho yake kazi zinabadilishana. Hapo ndipo ninaposhikilia sana, maana wakiachwa, wasichana wataishia jikoni na wavulana kwenye kuni, na yule anayejua kupika chapati nyumbani hatatoka kwenye moshi mpaka tufunge kambi.

Kazi ya kwanza ninayowapa ni kujenga kichanja cha kuanikia vyombo, kwa fito na kamba, bila msumari hata mmoja. Fito mbili zinakutana kama msalaba. Kamba inafungwa kwanza kwenye ufito uliosimama, chini kidogo ya makutano. Kisha inapita mbele ya ufito uliolala, inazunguka nyuma ya ule uliosimama, inarudi mbele ya uliolala upande wa pili, inapita tena nyuma ya uliosimama. Hivyo mara tatu au nne, kila mzunguko ukilala ubavuni mwa uliotangulia bila kupandana. Halafu kamba inapitishwa katikati ya fito zenyewe, ikiibana ile mizunguko mara mbili au tatu, na mwisho inafungwa kwenye ufito uliolala.

Mtoto mmoja hawezi kuifanya vizuri. Lazima mmoja ashike makutano yasicheze, mwingine avute kamba kwa nguvu zake zote kila mzunguko, na wa tatu asimame mbali kidogo aangalie kama ufito umesimama wima. Yule wa tatu huonekana hana kazi, na ndiye anayeokoa kichanja. Kamba ikilegea, vyombo vyote vinashuka udongoni wakati wa chakula cha jioni, na hapo sihitaji kusema neno. Wanaifungua wenyewe na kuanza upya.

Matembezi nayo yana ufundi wake. Milima ya Ngong tunaipenda kwa sababu iko karibu, ina upepo wa kumpima mtu, na ukiwa juu unaona Nairobi upande mmoja na Bonde la Ufa upande wa pili. Kilele cha juu kabisa kiko karibu mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, na mtoto asiyezoea kupanda atahema. Kabla ya kuondoka, patroli inapiga hesabu ya muda. Tunatumia kanuni iliyotolewa mwaka 1892 na Mskoti William Naismith: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 10 yenye mita 600 za kupanda ni saa tatu. Hiyo ni hesabu ya mtu mzima mwenye miguu mizuri. Kwa watoto wa miaka 12 wenye mabegi naongeza nusu yake, inakuwa saa nne na nusu, bila kuhesabu mapumziko. Wakishaiona hesabu hiyo kwenye karatasi, wanaelewa wenyewe kwa nini tunaondoka alfajiri.

Mwenye mwendo wa pole anatembea mbele, nyuma ya msoma ramani. Akiwekwa mwisho, wenzake watamwacha, watapumzika wakimsubiri, na atakapofika tu watanyanyuka. Yeye ndiye aliyechoka zaidi na ndiye asiyepumzika. Akiwa mbele, mwendo wake unakuwa mwendo wa patroli. Wenye mbio hulalamika mwanzoni. Nawapa mzigo wa maji na sufuria, na mmoja wao anafunga msafara akihakikisha hakuna aliyebaki nyuma.

Patroli inayotangulia huwaachia wenzao alama njiani: mshale wa mawe wa kuonyesha pa kupita, vijiti vilivyopishana kama msalaba kumaanisha usipite hapa, na mduara wenye nukta katikati, yaani nimekwenda nyumbani. Hiyo ya mwisho imechongwa kwenye kaburi la Baden-Powell kule Nyeri, alikofariki Januari 1941, na watoto niliowapeleka huko waliisoma kabla sijafungua mdomo. Alama iliyowekwa kwa uvivu inawapoteza watu halisi, marafiki zao, na jioni watakutana nao uso kwa uso.

Kwa kiongozi mzima, kazi ngumu kuliko zote ni kunyamaza. Ugali ukitoka mbichi, wataula mbichi au watausonga tena. Hema likikazwa ovyo, litawaangukia. Naingilia kwenye mambo machache: maji ya kunywa yasiyochemshwa, moto, mtu aliyeumia, na mtoto anayeonewa. Kwenye uonevu sisubiri hata dakika. Mengine yote yana mahali pake, nayo ni baraza la viongozi wa patroli, tunalokaa kila jioni baada ya kuosha vyombo. Hapo wao ndio wanaosema: nani hakupata zamu yake, patroli ipi ilichukua kuni za wenzao, kesho tuondoke saa ngapi. Nikiona kiongozi wa patroli anaamuru sana, namwita pembeni na kumwuliza, "Leo umemwuliza nani maoni yake?" Wengi hukaa kimya kidogo, kisha huanza kuhesabu majina. Asubuhi unamsikia anauliza.

Mzazi anaweza kusaidia kwa jambo moja: mwache mtoto apange begi lake mwenyewe. Mpe orodha, yaani blanketi, sweta, koti la mvua, sahani, kikombe, tochi, soksi za ziada, kisha toka chumbani. Mtoto aliyepangiwa begi na mama hajui tochi iko wapi saa mbili usiku mvua ikianza, na patroli nzima inamsubiri apekue.

Mwalimu unayetaka kuanzisha patroli shuleni kwako, usingoje vifaa. Chukua watoto sita au saba waliochanganyika, wachague kiongozi wao, uwape muhula mzima pamoja bila kuwahamisha. Anza na matembezi ya siku moja na chakula kimoja wakipike wenyewe. Omba ruhusa ya wazazi na ya wenye eneo mapema, nenda na mtu mzima mwingine, na uipite njia hiyo mwenyewe kabla yao. Hema unaweza kuazima kwa kikosi jirani muhula wa pili.