Kanuni za uwanja si sheria za wenyeji

Kanuni za uwanja, kwenye mpira wa kikapu, ni yale ambayo mwamuzi anayaweka wazi kwa makapteni wote wawili kabla ya mechi kwa sababu uwanja wenyewe una kasoro: ni mwembamba, ukuta uko karibu, mstari umefutika. Basi. "Hapa kwetu hatupigi filimbi ya kutembea", maneno yanayosikika sana kwenye viwanja vya skuli Mjini Unguja hata Wete, Pemba, hayamo. Kutembea (kupiga hatua na mpira bila kuudunda), dabo (kuanza kuudunda tena baada ya kuushika), faulo na sekunde 8 za kuvuka nusu ya uwanja havibadiliki kwa kuwa saruji imeishia njiani.

Kinachobishaniwa zaidi ni tawi la mwembe. Mpira ukiligusa, nusu ya uwanja inapiga kelele "turudie!" Hakuna kurudia, na wala si jambo la kukubaliana, kwani sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, zimeshalimaliza: mpira ukigusa kitu chochote kilicho juu ya uwanja, umetoka. Wanapewa wapinzani wa aliyeugusa mwisho. Ukidunda kwenye tawi ukatumbukia ringini, si kikapu. Waya wa umeme, hukumu ni hiyo hiyo. Na anayeegemea ukuta wa nje huku kashika mpira ametoka, hata kama miguu yote miwili iko ndani ya mstari.

Penye kuhitaji makubaliano hasa ni mistari. Uwanja kamili ni mita 28 kwa 15, na upande wa kona mstari wa pointi tatu hupita sentimita 90 kutoka mstari wa pembeni. Fundi wa rangi akizishika hizo sentimita 90 kwenye uwanja wa upana wa mita 12, kona inabaki mita 5.10 kutoka katikati ya ringi badala ya 6.60, na mtu anapewa tatu kwa mtupo wa mbili. Ni bora kupima mita 6.75 za tao la pointi tatu kutoka chini ya katikati ya ringi, kuzungusha kamba, na kuuacha mstari ufie pale unapokutana na wa pembeni. Pointi tatu za kona hazipo siku hiyo. Makapteni waambiwe mapema, si baada ya mtupo kuingia.

Ukuta nao: nafasi ya nje ikiwa chini ya mita 2, anayemzuia mrushaji wa mpira wa kutoka nje asimame angalau mita 1 kutoka kwake. Hili pia limeandikwa, lakini mwamuzi alikumbushe, maana wachezaji wengi hawalijui. Mahali ambapo ukuta wenyewe ndio umegeuzwa mstari, pigeni chokaa mita moja ndani. Mamlaka ya mwamuzi huanza dakika 20 kabla ya mechi, muda unatosha.

Kwa hiyo wenzetu wenyeji, mkitaja kanuni za uwanja wenu, tuonyesheni kwa kidole: ukuta, mtaro, nguzo. Kutembea mnaweza kusamehe mazoezini mpendavyo, ila hayo yaiteni mazoezi.