Lazima, Ruhusa na Marufuku: "Si" Ikae Wapi?

Anayeandika kanuni hahitaji maneno matatu, moja linamtosha. Ukishika "lazima", mengine yanazaliwa kwa kukanusha: jambo ni marufuku ikiwa ni lazima lisifanyike, na linaruhusiwa ikiwa si lazima lisifanyike. Unaweza pia kuanzia kwenye ruhusa, kama alivyofanya mwanafalsafa wa Ufini, G. H. von Wright, mwaka 1951. Hesabu inatoka ileile.

Kosa kubwa liko kwenye mahali pa ukanushi. "Si lazima usaini" inakuacha huru. "Lazima usisaini" inakufungia mlango. Kiswahili kinatusaidia hapa, maana "si" ya kwanza imesimama mbele ya lazima na ya pili imeingia ndani ya kitenzi. Kabla ya kupitisha kanuni yoyote, tafuteni kila ukanushi humo na mjiulize kama unakanusha wajibu au tendo.

Ruhusa nayo isichanganywe na hiari. Kila cha lazima kinaruhusiwa pia, kwa hiyo "inaruhusiwa" peke yake haisemi kwamba unaweza kuacha. Ukitaka hiari, iseme: kufanya si lazima, na kutofanya si lazima.

"Unaruhusiwa kuja Jumatatu au Jumanne" huonekana nyepesi, lakini katika mfumo wa kawaida wa mantiki ya wajibu na ruhusa inathibitisha tu kwamba walau siku moja kati ya hizo inaruhusiwa, bila kusema ipi. Msomaji anaelewa zote mbili. Basi andika: Jumatatu inaruhusiwa, Jumanne inaruhusiwa, chagua moja.

Pagumu zaidi ni wajibu unaoamka baada ya wajibu mwingine kuvunjwa, fumbo aliloliweka wazi mwanafalsafa wa Marekani, Roderick Chisholm, mwaka 1963. Chukua kanuni hizi tatu: kwanza, siri ya mgonjwa isitoke; pili, inapasa kwamba isipotoka, mgonjwa asitumiwe taarifa ya kuvuja; tatu, ikitoka, lazima atumiwe. Sasa siri imetoka. Kanuni ya tatu inadai taarifa itumwe. Mbili za kwanza, zikiunganishwa, zinadai isitumwe, kwa sababu wajibu wa kutunza siri haukufutika kwa kuvunjwa. Karani mwaminifu anabaki amekwama, na mgonjwa hajui kitu.

Dawa yake ni kutoandika "lazima" tupu. Kila wajibu ufungwe na hali yake: "katika hali ambayo siri imetoka, lazima mgonjwa ataarifiwe". Wajibu wa hali ya kutovuja hauvuki kuingia humo.