Nyumba ya Kiungwana ya Lamu: Kutoka Daka Hadi Nyumba Kati

Anayepita kwa mara ya kwanza katika vichochoro vya mji mkongwe wa Lamu huona kuta ndefu zenye madirisha machache, akadhani kwamba wenyewe hawakujali uzuri. Uzuri umewekwa upande wa ndani. Nyingi kati ya nyumba za waungwana zilizobaki zilijengwa katika karne ya 18, biashara ya majahazi na Arabuni na Bara Hindi ilipoutajirisha mji huu.

Kipimo cha nyumba hizi kilitoka kwenye mikoko. Kuta, zenye unene wa karibu nusu mita, ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, nayo chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Dari zilibebwa na boriti, yaani nguzo za mikoko, na kwa kuwa boriti haiwezi kuhimili uzito huo ikivuka upana unaokaribia mita tatu, kila chumba kililazimika kuwa chembamba na kirefu. Fundi hakuweza kupanua chumba, basi akapanga chumba nyuma ya chumba, na mpangilio huo ndio uliobeba heshima na sitara ya familia.

Mgeni alipokewa kwenye daka, yaani ukumbi wa nje, mbele ya mlango wa nakshi, ambako mwenye nyumba aliketi na wafanyabiashara kwenye baraza za mawe bila mtu kuvuka kizingiti. Aliyekaribishwa zaidi alipita tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, akatokea kiwandani, uwanja usioezekwa unaoipa nyumba nzima mwanga na hewa. Hapo hufuata msana wa tini na msana wa yuu, yaani kumbi mbili ndefu, ya chini na ya juu, kisha chumba kiitwacho ndani, na nyuma kabisa chumba kiitwacho nyumba kati, huku sakafu ikipanda kidogo kila unapozidi kuingia. Ukuta wa chumba hicho cha ndani umejaa zidaka za chokaa, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, zilizopangwa sahani na bakuli kutoka China. Kwangu mimi, hakuna mahali pwani hii panapoonyesha ustadi wa fundi chokaa kuliko hapo. Nyumba kati ilikuwa ya mambo mazito zaidi: humo wanawake walijifungua, na humo maiti walioshwa.

Watumwa, ambao jasho lao lilijenga sehemu kubwa ya utajiri huu, walikaa ghorofa ya chini, na hatuwezi kuisifu nyumba tukawaacha wao nje ya historia yake.

Binti alipoolewa alipewa makazi kwao, kwa hiyo familia iliongeza ghorofa au ilijenga jirani na kuunganisha nyumba mbili kwa wikio, chumba kinachopita juu ya kichochoro, ili wanawake watembeleane bila kushuka njiani. Hata chooni palifikiriwa: katika birika, yaani hodhi la maji, walifugwa samaki wadogo waliokula viluwiluwi vya mbu.

Mji huu uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, lakini hatari kubwa ya kila siku ni mfuko wa saruji. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na kuutoa kupitia lipu ya chokaa. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hunaswa, chumvi huutafuna ukuta na vichwa vya boriti huoza mahali pasipoonekana. Mwenye nyumba anayeona ufa amwite kwanza fundi anayejua chokaa, na boriti iliyooza ibadilishwe kwa boriti.