Minyoo ikidumu tumboni huua hamu ya kula

Kampeni ya kingatiba, yaani kugawa dawa za minyoo, ikianza, wazazi wengi hutuambia: "Wangu anakataa chakula, hawezi kuwa na minyoo." Imani hii, kwamba mwenye minyoo hula sana, inachelewesha watoto kutibiwa. Minyoo iliyokaa tumboni miezi au miaka kwa kawaida hupunguza hamu ya kula. Utumbo ukichokozwa mfululizo, seli za kinga hutoa protini za kupeana taarifa, saitokini, na ujumbe wake ukifika kwenye ubongo njaa hupungua. Mtoto anayebakiza nusu sahani kila siku hadeki.

Hata kile kidogo anachokula hakimfai chote. Minyoo mviringo huvuruga ufyonzwaji wa mafuta na vitamini A. Minyoo ya safura hung'ata ukuta wa utumbo: mnyoo mmoja wa aina ya Necator americanus humpotezea mtu takriban mililita 0.03 za damu kwa siku, na wa Ancylostoma duodenale 0.15 hadi 0.25. Zidisha kwa minyoo mia, kila siku, na akiba ya madini chuma inakauka.

Kinga hupambana mwanzoni kwa eosinofili, aina ya seli nyeupe za damu, na kingamwili (protini za kinga) za IgE. Minyoo hujibu kwa kutoa kemikali zinazoamsha seli za T dhibiti, zile zinazotuliza kinga, na kupandisha saitokini ya IL-10, inayopoza mapambano. Ndiyo maana mtu hukaa nayo miaka bila homa, na mwitikio wake kwa baadhi ya chanjo unaweza kupungua.

Dozi ya albendazole, dawa ya minyoo, ni miligramu 400 mara moja. Mtoto wa miezi 12 hadi 23 hupewa 200. Kwa aliye chini ya miaka mitatu, kidonge kisagwe katikati ya vijiko viwili hadi kiwe unga, kichanganywe na maji. Akilia, subiri anyamaze. Usimzibe pua, atapaliwa. Mjamzito asimeze katika miezi mitatu ya kwanza. Kutoona minyoo chooni si dalili kwamba dawa ni feki. Dozi hiyo moja, hata hivyo, ni dhaifu kwa minyoo mjeledi.

Tena dozi hiyo haitoshi kwa Strongyloides, mnyoo unaozaliana ndani ya mwili na kudumu miongo. Dawa kama prednisolone au deksamethasoni zikishusha kinga, mnyoo huu unaweza kusambaa hadi mapafuni na kuua. Ukiandikiwa dawa hizo, na umewahi kukanyaga peku udongo wenye kinyesi, mwambie daktari kabla ya kidonge cha kwanza. Tiba ya mnyoo huu ni dawa ya ivermectin.