Kushuka ndiko kunakouma: siku nne kwa miguu, Lushoto hadi Mtae

Kila nikisema nyumbani kwamba mwaka huu tunatembea tena milimani, swali la kwanza huwa lile lile: "Tutaweza kupanda?" Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, huu ni mwaka wa kumi na tatu nashughulika na magoti, viuno na vifundo vya miguu vya watu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza tutashukaje.

Nilifanya kazi Moshi kwa muda. Wapanda Kilimanjaro waliofika kwangu wakichechemea, wengi wao hawakuumia wakienda juu. Waliumia siku ya kilele, pale mtu anapoondoka Uhuru, mita 5,895, na kuteremka hadi kambi ya Mweka iliyo kwenye mita 3,100 hivi, siku hiyo hiyo. Mtu alikesha akipanda, amefurahi, amepiga picha, anaona kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza miguu inaanza kazi nzito.

Nieleze kidogo, maana ukilielewa hili, mengine yote ya safari utayapanga mwenyewe. Ukipanda, msuli wa mbele ya paja unajikunja na kuwa mfupi ili ukuinue. Utahema, utatoka jasho, lakini ukikaa chini dakika kumi unajisikia mzima. Ukishuka, msuli ule ule unafanya kazi huku unavutwa kuwa mrefu, kwa sababu kazi yake sasa ni kukuzuia usiporomoke. Fikiria mtu anayeteremsha gunia la mahindi kutoka darini kwa kamba. Hahemi sana, ila kamba inampita mikononi na viganja vinababuka. Ndani ya msuli nako nyuzi ndogondogo zinachubuka namna hiyo. Na maumivu yake hayaji siku ile. Huanza kesho yake, yakazidi kati ya siku ya pili na ya tatu, halafu yakapungua yenyewe.

Ndiyo maana matembezi ya siku moja na ya siku nne ni vitu viwili tofauti kabisa. Wa siku moja anaumia akiwa nyumbani kwake, anasaidiwa chai. Wa siku nne anaumia akiwa katikati ya safari, kijiji cha watu, na mbele yake kuna mabonde mawili bado.

Mwezi wa saba mwaka jana tulikuwa wanane: mimi na mume wangu, mwanetu wa miaka 9, mama yangu mzazi mwenye miaka 64, kaka yangu na wifi, shoga yangu wa Dar na binti yake wa kidato cha tatu. Njia ni ile inayojulikana ya Usambara Magharibi. Unapanda gari Mombo kwenye barabara kuu, kilomita kama 33 za kona hadi Lushoto kupitia Soni, kisha kutoka Lushoto unaingia msitu wa Magamba kwa miguu, unatokea Lukozi kwenye mboga, Rangwi, halafu Mtae, kijiji kilichokaa juu ya ukingo wa mlima kama ndege juu ya paa. Watembezi wengi huimaliza kwa siku tatu. Mimi niliigawa nne, na kaka alilalamika kwamba tunapoteza siku.

Kaka ni mtu wa mazoezi. Ananyanyua vyuma, anakimbia kwenye mashine kila asubuhi, na nilipomwambia ajiandae kwa kushuka alinisikiliza kwa adabu tu. Shoga yangu hana mazoezi yoyote, lakini anafanya kazi kwenye jengo la ghorofa nane. Nilimwambia hivi: panda kwa lifti, shuka kwa ngazi. Mara mbili kwa wiki, wiki tatu kabla ya safari, raundi tatu au nne. Alinipigia baada ya ile siku ya kwanza kuniambia mapaja yanamuuma hata kukaa chooni ni shida. Wiki ya pili hakusikia kitu. Msuli una sifa hiyo nzuri: ukiuchubua kidogo mara moja, unajijenga upya ukiwa mgumu zaidi, na kinga ile hudumu wiki kadhaa. Ila lazima iwe kushuka. Kukimbia kwenye mashine iliyo tambarare hakukupi kinga hiyo, hata ukikimbia mwaka mzima.

Na mama? Mama ni wa Usangi, Upareni. Tangu utoto anashuka bondeni kuchota maji na kupanda na ndoo kichwani, na mpaka leo shamba lake liko kwenye mteremko. Sikumwambia afanye mazoezi yoyote.

Siku ya kwanza ilikuwa ya Magamba. Msitu wenye ukungu, baridi ya kutoa moshi mdomoni, mbega juu ya miti na manyoya yao meupe yanayoning'inia mgongoni kama shuka. Hapa ndipo nilipoweka utaratibu wa mwendo, na nitakaa kidogo juu yake kwa sababu naona familia nyingi zinakosea hapa.

Kuna kanuni ya zamani ya Mskoti mmoja, William Naismith, aliyeitoa mwaka 1892: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, halafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Ni hesabu ya watu wazima wenye nguvu, na kushuka haimo. Kwa familia mimi nahesabu kilomita 3 kwa saa, naongeza ile saa ya kupanda, na mteremko mkali naupa muda ule ule ningeupa mwinuko. Hadi sasa haijanidanganya.

Lakini kosa kubwa liko kwenye kusubiriana. Utaona wenye mbio wanatangulia, wanafika juu, wanakaa kwenye jiwe, wanakunywa maji, wanapumzika robo saa. Mtu wa nyuma anatokea, jasho linamchuruzika, na wao papo hapo wanasimama: "Haya, twende." Wao wamepumzika, yeye hajapumzika hata dakika moja. Fanya hivyo mara sita kwa siku, yule aliyehitaji mapumziko kuliko wote ndiye asiyeyapata kabisa, na hatasema kwa sababu anaona haya kuwachelewesha. Kwetu mtu wa polepole anatembea wa pili, nyuma tu ya mwongoza njia, na mwendo wake ndio mwendo wetu. Saa ya mapumziko inaanza kuhesabiwa mtu wa mwisho akishakaa chini. Siku hiyo wa pili alikuwa mwanangu, na kaka nilimpa nafasi ya mwisho kabisa. Nilimwomba awe mtu wa kuhakikisha hakuna anayebaki nyuma, kazi ambayo kweli inahitaji mtu mwenye nguvu.

Haya ya kuchelewesha wenzako ndiyo pia inayoleta malengelenge. Lengelenge haliji ghafla. Kwanza panapata moto: sehemu ndogo kisiginoni au kando ya kidole gumba, unahisi joto tu. Hapo ndipo pa kusimama, dakika ile ile. Ukiendelea nusu saa zaidi, tabaka la juu la ngozi linaachana na la chini, maji yanajaa katikati, na hilo utatembea nalo hadi Mtae. Kwa hiyo baada ya saa ya kwanza mimi mwenyewe nilikaa chini, nikavua viatu na soksi mbele ya wote, nikakagua nyayo. Mama wa watu akishavua, hakuna anayeona aibu. Binti wa shoga yangu alikuwa na wekundu wa ukubwa wa sarafu kisiginoni na hakuwa amesema neno. Tulifuta jasho, tukasubiri ngozi ikauke kabisa kwa sababu plasta haishiki ngozi yenye unyevu, tukabandika plasta ya kitambaa iliyokatwa kona zake ziwe mviringo ili zisinyanyuke, akavaa soksi kavu. Dakika saba. Alimaliza siku zote nne bila lengelenge.

Kama limeshajaa na bado una safari: dogo liache, lifunike. Kubwa linalouma litoboe pembeni, chini, kwa sindano safi, minya maji taratibu, na ile ngozi ya juu usiibandue hata kama inakuvutia kuibandua, ndiyo bandeji bora uliyo nayo. Mwenye kisukari asitoboe chochote, na kabla ya safari ya namna hii aonwe miguu na daktari wake.

Lukozi tulifika saa kumi jioni, kabichi na karoti zinapakiwa kwenye malori ya Dar. Asubuhi yake kaka alitoka chumbani akishuka ngazi mbili za kibarazani kiubavu, kama kaa, ameshika ukuta. Sikumsema. Siku hiyo ya pili ilikuwa na mteremko mrefu kuelekea Rangwi, na nilimfundisha pale pale njiani.

Hatua ziwe fupi, fupi kuliko unavyodhani. Goti lisinyooke kabisa mguu unapokanyaga, libaki limelegea kidogo, maana goti lililonyooka linapeleka kishindo chote kwenye mfupa. Penye mteremko mkali usishuke moja kwa moja, kata kushoto, kata kulia, kama barabara ya Mombo inavyofanya. Fimbo mbili ni bora kuliko moja, ziweke chini kabla mguu haujafika, mikono ibebe sehemu ya uzito. Mwongoza njia wetu, kijana wa Kisambaa, alimkatia mbili za mti mkavu kwa panga. Na kabla ya kila mteremko, fungua kamba za kiatu uzifunge upya: legeza kidogo vidoleni, kaza pale kifundo kinapokunja. Mguu ukiteleza mbele ndani ya kiatu, kucha zinagonga kila hatua, na ukucha mweusi huchukua miezi kuondoka. Kucha zikatwe siku tatu kabla ya safari, si usiku wa kuamkia.

Njiani tulipishana na akina mama wamebeba mizigo ya kuni kichwani, wanashuka mteremko ule ule wamevaa kandambili. Mwanangu aliwasalimia shikamoo mpaka sauti ikakauka. Nilimwambia kaka awatazame miguu: hatua fupi, magoti yamelegea, mgongo wima. Hakuna aliyewafundisha darasani. Mama yangu, mbele yetu, alikuwa anatembea hivyo hivyo.

Rangwi tulilala kwa masista. Mtu akinunua dawa za maumivu kwa ajili ya misuli ya namna hii, nafuu yake ni ndogo na baadhi ya dawa hizo zinachosha figo kama hujanywa maji ya kutosha. Na kwenye baridi watu hawanywi, kwa sababu hawasikii kiu. Mimi huangalia mkojo: ukiwa wa njano iliyokolea, kunywa, na utie chumvi kwenye chakula. Kaka nilimpa maji, makande ya moto, matembezi mafupi ya jioni ili misuli isikaze, na usingizi.

Siku ya tatu ndiyo iliyomuuma kuliko zote, kama nilivyotegemea, na ndiyo niliyoifanya fupi makusudi. Hiyo ndiyo siku aliyosema tunaipoteza. Tulilala kijijini kabla ya Mtae, nyumbani kwa ndugu za mwongoza njia, na siku ya nne tukaingia Mtae mchana. Pande zote mbili za kijiji ardhi inakwisha. Chini ni nyika ya Mkomazi, tambarare mpaka macho yachoke, na ng'ambo yake milima ya Upare. Mama alisimama muda mrefu, akamwonyesha mjukuu wake kwa fimbo: "Nyuma ya ile, tena nyuma yake, ndiyo kwetu."

Basi la Lushoto huondoka Mtae kabla hakujapambazuka. Tulisinzia njia nzima, mizigo mapajani. Lilipotuteremsha stendi, kaka alishuka ngazi za basi akiangalia mbele, mguu baada ya mguu, bila kushika mlango, akageuka kumpokea mama begi lake.