Mwanafunzi Anaponyamaza Katika Somo la Kiingereza

Katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania, kwa kawaida masomo hufundishwa kwa Kiswahili, na Kiingereza huwa somo mojawapo tu. Mwanafunzi aingiapo Kidato cha Kwanza, Kiingereza hugeuka kuwa lugha ya kufundishia karibu masomo yote. Ni katika miezi hiyo ya mwanzo ambapo mtoto aliyezoea kunyoosha kidole huanza kuinamisha kichwa, na mwalimu au mzazi hudhani kwamba hajui, ilhali mara nyingi jibu analo ila hana maneno ya kulitolea.

Tukimtazama kwa makini, tutaona kwamba hakai bure. Humnong'oneza jirani yake kwa Kiswahili ili kuhakikisha ameelewa swali. Hurudia maneno ya mwisho ya swali ili ajipatie muda wa kufikiri. Na asipojua fyekeo huitwaje kwa Kiingereza, hueleza kuwa ni kifaa cha kukatia nyasi. Mbinu hii ya kulizungukia neno ndiyo ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu humlazimu msemaji kuunda sentensi nzima kwa maneno machache aliyo nayo. Mwaka 1980, wataalamu Michael Canale na Merrill Swain waliuhesabu uwezo wa namna hii kuwa sehemu ya umilisi wa mawasiliano, yaani uwezo wa kuitumia lugha ili kuelewana na wengine.

Zipo pia mbinu zinazomficha mwanafunzi, kama vile kuitikia "yes" pamoja na darasa zima hata asipoelewa. Hizi hushamiri pale makosa yanapochekwa. Anayemwita mama yake "he" ana sababu inayoelezeka, kwani "yeye" ya Kiswahili haibagui mwanamume na mwanamke. Mwalimu akilieleza hilo kwa utulivu, wote hunufaika. Kumvika kibao shingoni mtoto aliyezungumza Kiswahili humfundisha kunyamaza tu.

Jambo lililo ndani ya uwezo wa kila mwalimu ni muda. Katika miaka ya 1970, mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alibaini kwamba walimu wengi walisubiri jibu kwa sekunde 1 hivi, na kwamba waliposubiri angalau sekunde 3, majibu yalirefuka na walioshindwa kujibu walipungua. Hayo yalikuwa masomo ya sayansi; anayetafuta maneno ya lugha ngeni anahitaji muda zaidi. Mwalimu akishauliza, awaache wanafunzi wajadiliane wawili wawili kwa lugha wanayoimudu, kisha ndipo amteue wa kujibu mbele ya wenzake.