Jina la kwenye mabano

Marehemu baba alikuwa na santuri ya Kenny Rogers ambayo sisi watoto tulikatazwa kuigusa. Mimi niliigusa. Chini ya jina la wimbo, The Gambler, palikuwa na jina jingine kwa herufi ndogo, limefungiwa kwenye mabano: Don Schlitz. Kwa miaka mingi nilidhani ni fundi mitambo. Siku hizi nasoma mikataba ya hakimiliki ya muziki, na ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo namjua vizuri huyo wa kwenye mabano.

Schlitz alikuwa na miaka 23 mwaka 1976, akifanya zamu ya usiku kwenye kompyuta za Chuo Kikuu cha Vanderbilt huko Nashville, mji wa muziki wa country Marekani, alipoutunga wimbo ule. Mwimbaji Bobby Bare aliurekodi, Schlitz mwenyewe naye akaurekodi, haukwenda mbali. Rogers alipouimba mwaka 1978 ndipo ulipolipuka. Mpaka leo watu huusema ni wa Rogers.

Nashville kuna watu ambao kazi yao ni kutunga tu. Kuimba wanawaachia wengine. Bob McDill, aliyemtungia Don Williams nyimbo kadhaa, alikuwa akienda ofisini siku za kazi kama karani, anaandika kwenye karatasi za manjano zile za mawakili. Hapo ndipo ninapowachekesha vijana wanaoniambia wanangoja wimbo "uwashukie".

Ofisi hizo ni za wachapishaji wa muziki, yaani kampuni zinazosimamia nyimbo za mtunzi na kumkusanyia malipo. Mchapishaji humpa mtunzi kiasi kila wiki au kila mwezi, na wengi hudhani ni mshahara. Ni mkopo: nyimbo zikianza kuingiza, mchapishaji anakata chake kwanza. Mtunzi na mwimbaji Willie Nelson alizijua njia mbili, ya kuuza wimbo jumla na hii ya mkopo. Kabla hajafika Nashville, njaa ilimfanya auze Family Bible moja kwa moja kwa dola 50, na wimbo ulipopendwa jina lake halikuwemo. Baadaye mtunzi mwenzake Hank Cochran alikubali kukosa nyongeza yake ya dola 50 kwa wiki ili kampuni ya Pamper Music imwajiri Nelson kwa pesa hizo hizo. Hamsini ya kwanza ilimnyang'anya wimbo. Ya pili ilikuwa deni, lakini nyimbo zilibaki na jina lake, na mojawapo ni Crazy, aliouimba Patsy Cline mwaka 1961.

Sasa tupige hesabu. Kuanzia 2006 hadi 2022, sheria ya Marekani ilimpangia mtunzi senti 9.1 kwa kila nakala iliyouzwa ya wimbo usiozidi dakika tano. Albamu ikiuza nakala milioni moja, wimbo mmoja unaingiza dola 91,000. Mmetunga wawili, kila upande unabaki na 45,500. Mchapishaji, kwa mkataba wa kawaida, anachukua nusu ya upande wako. Unabaki na 22,750, na bado hujakatwa ule mkopo.

Lakini kiwango kilikuwa kimoja kwa kila wimbo. Ule wa tisa kwenye albamu, ambao redio haikuugusa, ulilipwa kwa kila nakala sawasawa na uliovuma, kwa sababu mnunuzi alibeba albamu nzima. Watunzi wengi wasiojulikana walisomesha watoto kwa nyimbo za namna hiyo. Watu walipohamia kusikiliza mtandaoni, kila wimbo ukawa unalipwa kwa kadiri unavyosikilizwa, na mtunzi wa ule wa tisa akafa njaa. Kwangu hili ndilo pigo kubwa kuliko wizi wa kanda zote.

Kesi ninayoirudia zaidi ni ya Dolly Parton. Alitunga I Will Always Love You mwaka 1973, na Elvis Presley akataka kuurekodi. Meneja wa Elvis, Kanali Tom Parker, akadai nusu ya haki za uchapishaji. Dolly alimpenda Elvis, na amesimulia kwamba alilia usiku kucha, lakini akakataa. Mwaka 1992 Whitney Houston akauimba kwa ajili ya filamu, ukazunguka dunia nzima.

Na redio za kawaida za Marekani, kwa sheria ya kule, humlipa mtunzi na mchapishaji wake; mwimbaji hapati kitu. Kila sauti ya Whitney iliposikika hewani katika wimbo huo, malipo yalikwenda kwa Dolly, pande zote mbili, kwa sababu mtunzi ni yeye na mchapishaji pia ni yeye.